Mwenye Kuonyesha Njia, Je, Naye ni Mwizi?

Tuseme kwaya moja ya parokia imefanya mazoezi kwa muda wa mwaka mzima. Imekodi gari, imekwenda mjini, imelipa studio, na mwishowe imetoa nyimbo kumi ambazo kila apendaye aweza kuzinunua. Fedha za studio zilitoka katika mifuko ya wanakwaya wenyewe, na mtunzi wa nyimbo bado angoja ujira wake. Haupiti muda wa juma moja, mtu asiyejulikana amekwisha kuziweka nyimbo zote kumi katika tovuti yake, apate kuwavuta watu waje kutazama matangazo ya biashara aliyoyabandika pale. Kisha mama mmoja, asiye na hila yoyote, apokea kiungo cha mahali pale katika simu yake, akipitisha katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo wake na maneno haya: "Sikilizeni nyimbo nzuri." Watu wengi wabonyeza. Hakuna hata mmoja anunuaye.

Sasa twauliza: nani amekosa? Juu ya mwenye tovuti hapana shaka, maana amechukua kazi ya watu na kuitumia kwa faida yake bila ya ruhusa. Lakini yule mama je? Yeye hakunakili wimbo wowote. Alichokipitisha ni mstari mmoja wa herufi, yaani anwani tu. Je, sheria imhesabu kuwa mshiriki wa wizi? Na kama yeye asihesabiwe, basi mwingine akusanyaye viungo elfu vya namna hiyo na kupata fedha kwavyo, naye aachwe?

Swali hili si la kwaya peke yake, wala si letu peke yetu. Limepelekwa mbele ya mahakama kubwa za Ulaya na Marekani, na waamuzi wenye elimu wameshindana juu yake. Yafaa nasi tujifunze walivyoamua, kwa kuwa simu zile zile zimo mikononi mwetu, na tovuti zile zile twazifungua kila siku.

Kwanza yatupasa kufahamu kiungo ni kitu gani. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa chembe za maada kiitwacho CERN, karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuziunganisha hati zilizomo katika kompyuta mbalimbali, hata mtu aisomapo moja aweze kuruka mara moja mpaka nyingine. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo kile kilitangaza kwamba watu wote waweza kuitumia njia hiyo bila ya malipo. Tangu hapo kiungo kimekuwa kama mshipa wa mwili wote wa intaneti. Kiondoe, na kitakachobaki ni kurasa zilizotawanyika, kila moja peke yake.

Kiungo hakibebi kitu chenyewe. Chasema tu: "Kitu kile kipo mahali fulani." Mwenye kitu akikiondoa mahali pale, kiungo hubaki mkono mtupu, na abonyezaye haoni neno. Kwa hiyo wako wanaokifananisha na rejea iliyo chini ya ukurasa wa kitabu, au na mtu asimamaye njia panda akiwaelekeza wapita njia. Sisi twaukubali mfano huo, ila si kwa moyo wote. Mwelekezaji wa njia panda hakufikishi; wewe mwenyewe hutembea kwa miguu yako, na njiani wapata nafasi ya kufikiri. Kiungo chakufikisha kabla hujainua kidole. Wale watakao viungo viadhibiwe huutegemea sana upesi huo, nao si wapumbavu.

Basi tuyatazame mashauri yenyewe. La kwanza lilitoka Sweden. Waandishi wa habari waliokuwa wakiliandikia gazeti la Göteborgs-Posten waliishtaki kampuni ya Retriever Sverige, ambayo ilikuwa ikiwapa wateja wake viungo vya kuwafikisha kwenye makala zilizomo katika tovuti ya gazeti hilo. Wakadai walipwe. Shauri likafika Luxembourg, mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo ikatoa hukumu tarehe 13 Februari 2014. Waamuzi walisema hivi: ikiwa makala imewekwa wazi kwa watu wote wenye intaneti, kwa ridhaa ya wenyewe, basi anayeweka kiungo haileti mbele ya hadhira mpya, na kwa hiyo hana haja ya kuomba ruhusa. Lakini ikiwa makala imefungiwa kwa ajili ya waliolipa tu, na kiungo chawaingiza wengine kwa mlango wa nyuma, hilo ni jambo jingine, na ruhusa yatakiwa.

Hukumu hiyo ilieleweka kwa wepesi. Lakini iliacha pengo: itakuwaje ikiwa aliyeiweka kazi ile wazi siye mwenyewe, bali ni mwizi?

Pengo hilo lilijazwa na shauri la Uholanzi. Mwezi wa Oktoba 2011 tovuti moja ya Kiholanzi iitwayo GeenStijl, mali ya kampuni ya GS Media, iliweka kiungo cha kuwafikisha wasomaji kwenye picha zilizowekwa katika ghala moja la intaneti la huko Australia. Picha hizo zilikuwa za kutolewa baadaye katika gazeti la Playboy, na mchapishaji wake, kampuni ya Sanoma, hakuwa ametoa ruhusa. (Gazeti lenyewe hatulitaki nyumbani mwa wasomaji wetu, lakini haki ya mwenye mali haipimwi kwa uzuri wa mali yake.) Sanoma wakaomba kiungo kiondolewe. GS Media wakakataa. Picha zilipoondolewa katika ghala la kwanza, wakaweka kiungo kingine cha mahali pengine zilipokuwapo. Mshauri wa mahakama aliona kwamba kiungo peke yake si kuitangaza kazi kwa watu. Lakini waamuzi, katika hukumu yao ya tarehe 8 Septemba 2016, hawakumfuata.

Walisema mambo matatu. Mtu asiyetafuta faida, naye hajui wala hakuweza kujua kwamba kazi ile imewekwa bila ruhusa, kwa kawaida hana kosa. Lakini akijua, au akiwa ameonywa na mwenye kazi, kisha akakiacha kiungo pale pale, amekosa. Na tatu, mtu anayeweka kiungo kwa kutafuta faida adhaniwe kuwa alijua, kwa sababu mfanya biashara hupasiwa kuchunguza kwanza. Akitaka kujiokoa, ni juu yake kuthibitisha kwamba hakujua.

Jambo la kwanza na la pili twayakubali. Yule mama wa kikundi cha WhatsApp atoka salama, ila kama mwalimu wa kwaya akimwandikia kumwambia nyimbo zile zimeibwa, naye akaendelea kuzieneza, hawezi tena kusema hakujua. Hayo ni ya haki, na kila mtu aliyelelewa vema ayaona hivyo hata kabla ya kufika mahakamani.

La tatu ndilo latutia mashaka. "Kutafuta faida" ni neno pana mno. Gazeti kama hili huuzwa, na huchapa matangazo ya maduka. Shule hutoza ada. Duka dogo la vitabu lina tovuti yake. Je, wote hawa wadhaniwe kuwa wanajua asili ya kila picha na kila wimbo uliomo mahali wanapowaelekeza watu?

Wala hatusemi neno la kuogofya tu. Miezi miwili baadaye, Novemba 2016, mahakama ya mkoa ya Hamburg, huko Ujerumani, iliamua shauri la mtu mmoja mwenye tovuti, ambaye katika tovuti yake alikuwa akiuza vitabu vya mafunzo alivyovitunga mwenyewe. Alikuwa ameweka kiungo cha kufikia picha ya jengo fulani, ambayo mtu mwingine alikuwa ameichezea kwa kuchora vyombo vya angani juu ya jengo. Mpiga picha wa asili alikuwa ameruhusu picha yake itumiwe na watu wote, mradi wenye kuibadilisha waseme wazi kwamba wameibadilisha. Yule aliyechora vyombo hakusema. Na huyu mwenye kiungo hakuuliza, wala kiungo chenyewe hakikuwa cha kuuza kitu. Lakini kwa kuwa tovuti yake kwa jumla ilikuwa ya biashara, mahakama ilisema ilimpasa kuchunguza, naye hakuchunguza, basi ameingilia haki ya mpiga picha.

Hebu msomaji ajiweke mahali pa mtu huyo. Aone picha katika tovuti ya mwingine, amtafute aliyeiweka, amwulize kama ameipata kwa haki, ajibiwe kwamba ndiyo, kisha amtafute na yule wa kwanza, na masharti aliyoyaweka. Yote hayo kwa kiungo kimoja, na ukurasa wa kawaida una viungo kumi au ishirini. Mtu wa namna hiyo ataacha kuweka viungo. Mwalimu hatawaelekeza wanafunzi, na mwandishi wa habari hatawaonyesha wasomaji ushahidi wa asemayo.

Tena tazameni lililofuata. Mwezi wa Septemba 2017 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliulizwa habari za mitambo ya kutafutia, ile ambayo mtu akiandika neno moja humletea viungo na picha ndogo ndogo kutoka pande zote. Mitambo hiyo ni mali ya makampuni tajiri kupita kiasi, nayo hupata faida isiyo na kifani. Mahakama ikasema kwamba hiyo haitadhaniwa kuwa inajua, kwa kuwa intaneti haiwezi kutumika vema bila ya hiyo, wala haiwezekani ichunguze kila picha iliyo halali na isiyo halali.

Sisi twaona hukumu hiyo ni ya akili. Lakini mbona sababu ile ile isimfae mtu mdogo? Mtambo mkubwa umesamehewa kwa kuwa hauwezi kujua. Mwuza vitabu vya mafunzo naye hawezi kujua, wala hana wanasheria mia wa kumtafutia. Ikiwa mwenye nguvu asamehewa dhana, na mnyonge aachwe ajitetee, mizani imeinama upande usiostahili.

Hata hivyo asifikiri msomaji kwamba twamtetea kila mwenye viungo. Wako ambao kiungo kwao ndiyo biashara yenyewe. Huko huko Uholanzi mtu alikuwa akiuza kisanduku cha kuunganisha na televisheni, ambamo alikuwa amekwisha kuweka programu zenye viungo vya kufikia filamu na michezo iliyoibwa. Matangazo yake yaliwaambia wanunuzi kwamba hawatalipia tena filamu. Mtu huyo akisema hakujua, nani atamsadiki? Mahakama ya Luxembourg ilimhukumu tarehe 26 Aprili 2017 kuwa ameingilia haki za watunzi. Tarehe 14 Juni mwaka ule ule ikasema vivyo hivyo juu ya tovuti ya The Pirate Bay, ambayo haikuwa na filamu hata moja katika ghala lake, bali ilipanga, ikaorodhesha na kusafisha anwani ili watu wapeane kazi zilizoibwa kwa wepesi. Wenye tovuti hiyo walikuwa wakijua, na katika maneno yao wenyewe waliwahimiza watu.

Tofauti iliyopo kati ya hao na yule mama haimo katika kiungo. Kiungo ni kile kile. Imo katika kujua, na katika kukusudia, na katika kufanya jambo lile kuwa kazi. Ndiyo sababu twasema sheria ipigayo marufuku kiungo chenyewe imelenga mahali pasipo shabaha.

Labda mwalimu wa kwaya atatujibu kwa uchungu: "Maneno yenu ni mazuri, lakini mimi nifanye nini? Aliyeziweka nyimbo zangu ametumia jina la uongo, na tovuti yake iko nchi nisiyoijua. Sina nauli ya kumfuata. Ninaoweza kuwafikia ni hawa wanaopitisha viungo, nao ndio wanaomletea wateja." Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote tulizozisikia, na yeyote aipitiaye juu juu hajawahi kuona mtunzi akidaiwa kodi ya nyumba. Ghala la mwizi lililo katikati ya msitu halipati mnunuzi mpaka mtu alime njia. Kweli mwenye kulima njia ana sehemu yake.

Lakini dawa ya shida hiyo siyo kumfunga kila apitaye njiani. Dawa ni kumpa mwenye kazi uwezo wa kupiga hodi upesi, bila gharama, na kusikilizwa. Afrika Kusini ilianza mapema: sheria yake ya mwaka 2002 juu ya mawasiliano ya elektroniki yasema kwamba mtoa huduma awaelekezaye watu mahali penye kitu kisicho halali hatalipishwa hasara, ikiwa hakujua jambo hilo wala hakuona dalili zake, wala hapati fedha itokayo moja kwa moja katika kosa lile, na akiarifiwa aondoa kiungo katika muda wa kiasi. Kenya nayo iliibadilisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019, ikaweka taratibu ya mwenye haki kupeleka taarifa ya maandishi kwa watoa huduma ili kitu kiondolewe katika saa 48 za kazi. Na kwa busara ikaongeza kwamba atoaye taarifa ya uongo au ya chuki afanya kosa. Neno hili la mwisho tusilidharau. Mtu mkubwa aliyeandikwa vibaya gazetini aweza kudai kwamba picha iliyomo ni yake, apate kuifuta habari isiyompendeza, kumbe hana haja na picha hata kidogo.

Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ilitungwa wakati ambapo wizi wa nyimbo ulikuwa ni kanda zilizonakiliwa na kuuzwa mezani kando ya barabara, na walio wengi kati yetu hawakuwa wamepata kuiona intaneti. Siku itakapoandikwa upya juu ya mambo haya, twatumaini waandishi wake watafuata njia ya taarifa na kuondoa, wala hawataichukua ile dhana ya Luxembourg kama ilivyo.

Limebaki suala la jela, ambalo ni zito kuliko la fidia. Katika miaka ya 2011 na 2012 kijana mmoja Mwingereza, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Sheffield, alitakiwa na serikali ya Marekani apelekwe huko kushtakiwa. Alikuwa na tovuti iliyoorodhesha viungo vya filamu na michezo ya televisheni, naye alipata fedha za matangazo kwayo. Filamu zenyewe hazikuwa katika tovuti yake, wala yeye hakuwa akiishi Marekani. Hakimu wa London alikubali apelekwe, Januari 2012. Waziri akatia sahihi mwezi wa Machi. Mama yake alihangaika kumtetea, na watu wengi wakatia sahihi zao. Mwishowe, kabla mwaka haujaisha, palifanyika mapatano: alilipa paundi 20,000, na hakupelekwa.

Hatusemi kijana yule hakuwa na kosa. Mwenye kuvuna fedha kwa orodha ya namna hiyo ajua avunacho. Lakini kumtoa mwanafunzi katika nchi yake, avuke bahari na kusimama kizimbani pamoja na wahalifu wakubwa kwa ajili ya orodha ya anwani, ni adhabu isiyolingana na tendo. Kosa la kiungo, linapokuwapo, ni la kulipa fidia na kufunga biashara. Jela na iwekwe kwa ajili ya wenye maghala, na kwa wale walioonywa mara nyingi wakacheka.

Nasi wenyewe, kwa kuwa hatutaki kuwawekea wengine sheria tusiyoishika, twawaarifu wasomaji tutakavyofanya. Tukichapa anwani ya tovuti katika gazeti hili, kwanza tutatazama kama mahali pale pana jina la mtunzi au la mwenye haki. Penye shaka hatutachapa. Na mtu yeyote, awe mwalimu wa kwaya, mpiga picha au mtunzi wa kitabu cha katekisimu, akituandikia kwamba tumewaelekeza watu kwenye kazi yake iliyoibwa, kiungo kitaondolewa katika kurasa zetu za intaneti siku ile ile barua itakapofika, na katika toleo la juma lifuatalo tutaandika mahali kazi yake ya halali inapopatikana, pamoja na bei yake.